Umesamehewa, Sasa Rudisha: Namna ya Kutii kwa Neema

Mwongozo huu ni wa Mkristo anayeamini kwamba Mungu amemsamehe, lakini bado ana kitu cha mtu mwingine: fedha za kikoba alizozichukua kimyakimya akiwa mweka hazina, mpaka wa shamba aliousogeza, au mshahara wa msaidizi wa nyumbani alioukata bila haki. Nimechagua utii huu mmoja, wa kurudisha, kwa sababu ndani yake makosa mawili makubwa huonekana waziwazi: la anayedhani kwamba akirudisha ndipo Mungu atamsamehe, na la anayedhani kwamba, kwa kuwa amekwisha kusamehewa, hana deni tena kwa mtu yeyote.

Anza kwa kusoma Luka 19:1-10 polepole, ukiangalia nini kinatangulia nini. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, yuko juu ya mkuyu. Yesu anafika chini ya mti, anamwita kwa jina na kumwambia ashuke upesi, kwa kuwa leo imempasa kushinda nyumbani mwake. Mpaka hapo Zakayo hajarudisha hata senti moja, na watu wanaonung'unika kwamba Yesu ameingia kwa mtu mwenye dhambi wanasema kweli tupu. Ndipo Zakayo anaposimama na kuahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Ukitaka kuona uzito wa ahadi hiyo, linganisha na Torati: Walawi 6 na Hesabu 5 zilimtaka mtu aliyekiri kosa arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano, ilhali mara nne ilikuwa malipo ya mwizi aliyeiba kondoo na kumchinja au kumuuza (Kutoka 22:1). Zakayo alijichagulia kipimo kikali bila kuombwa na mtu. Mtu anayetii kwa hofu huuliza kiasi cha chini kinachotosha. Yeye, aliyekwisha kupokewa, hakuuliza.

Mpangilio huo huo umo katika Kutoka 20, ambako Mungu anataja kwanza kwamba amewatoa watu wake Misri, katika nyumba ya utumwa, kisha ndipo anatoa amri. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, kitabu cha mafundisho cha makanisa ya Kireformed, iliufuata ilipoziweka Amri Kumi katika sehemu yake ya tatu, ile ya shukrani, baada ya kueleza wokovu. (Walutheri, ambao Katekisimu Ndogo yao ya 1529 huanza na Amri, wana sababu yao nzuri: amri humwonyesha mtu jinsi anavyomhitaji Mwokozi. Njia zote mbili zinakataa kwamba utii ndio bei ya wokovu.)

Kabla hujamwendea uliyemkosea, ungama mbele za Mungu kwa kutaja jambo lenyewe na kiasi chake, kwa maana maombi ya jumlajumla ni rahisi kujificha ndani yake. Kisha jiulize: huyu mtu akikataa kunisamehe, je, nitaona kwamba Mungu naye amenikataa? Ukiona jibu ni ndiyo, rudi kwenye Warumi 5:8 ukae hapo mpaka uelewe kwamba Kristo alikufa kwa ajili yako ukiwa bado mwenye dhambi. Lakini usiufanye usomaji huo kuwa kisingizio cha kuahirisha. Wafilipi 2:12-13 inakuamuru utende, na papo hapo inakueleza kwamba ni Mungu atendaye ndani yako kutaka kwako na kutenda kwako. Kwa hiyo huna haja ya kungoja mpaka ujisikie una nguvu.

Sasa fanya hesabu kwa maandishi. Tuseme ulichukua shilingi 400,000 za kikundi. Sehemu ya tano ni 80,000, na jumla ni 480,000. Sisemi kwamba Mkristo amefungwa na kiwango hicho kama sheria. Nasema kinatufundisha jambo la haki, kwamba mwenye mali alipoteza zaidi ya fedha. Mwanachama aliyekosa mkopo wa ada mwezi ule, mtoto wake akarudishwa nyumbani, hakupungukiwa na noti peke yake.

Ukifika, sema kwa ufupi: "Mama Mwenyekiti, mwezi wa tatu nilichukua laki nne za kikundi bila ruhusa. Narudisha na nyongeza ya elfu themanini. Leo nimeleta laki mbili na themanini. Laki mbili zilizobaki nitalipa kwa miezi miwili. Naomba mnisamehe." Usiseme shetani alikupitia. Usiseme pia kwamba Mungu amekwisha kukusamehe, ingawa ni kweli, kwa sababu neno hilo likitoka kinywani mwa mkosaji humziba mdomo aliyeumizwa. Kikundi kikikutoza faini au kukuvua uweka hazina, pokea. Neema haikukupa haki ya kubaki na cheo.

Ungamo lako liwe pana kadiri ya kosa lenyewe. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea miaka ya 1930 kutoka Gahini nchini Rwanda, na kutoka Uganda, hadi Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa watu waliookoka kuungama waziwazi na kurudisha walivyoiba, na naamini tunauhitaji ujasiri huo leo. Hata hivyo, kosa lililotendwa dhidi ya mtu mmoja lipelekwe kwake kwanza, wala usitaje majina ya wengine katika ushuhuda wako. Kama jambo linaweza kufika polisi au kuleta hatari, nenda na mchungaji au mzee wa kanisa mwenye busara.

Kama huna cha kulipa, usijifiche. Paulo alimwandikia Filemoni kwamba, ikiwa Onesimo, mtumwa wake, amemdhulumu au ana deni lake, liandikwe juu yake Paulo, naye atalipa. Ndugu katika Kristo anaweza kukubebea sehemu ya deni, mradi mwenye mali ajue na wewe uendelee kufanya kazi ya kumrudishia ndugu huyo. Na kama uliyemdhulumu amekwisha kufariki, tafuta warithi wake. Hesabu 5:8 inasema kwamba, asipopatikana hata jamaa wa kupokea, malipo huwa ya Bwana na hupewa kuhani. Katika hali hiyo, peleka kiasi chote kanisani kwa ajili ya wahitaji, ukiomba jina lako lisisomwe kati ya watoaji.