Mbwa wa nywele za kujikunja amejaa mafundo: venye utamtengeneza bila kumuumiza

Kabla umwagie huyo mbwa maji, ngoja kwanza. Najua ukimuona amejaa vumbi na masikio yameshikana kitu ya kwanza unafikiria ni beseni na shampuu, lakini fundo likinyonya maji linajikaza, likikauka ndio mbaya zaidi, halifunguki tena. Kuchana ndio huanza, kuosha kunafuata. Watu wengi wanafanya kinyume alafu wanasema mbwa wao ana nywele ngumu.

Naongea kuhusu mbwa kaa Poodle, Bichon Frise na wale wa kuchanganywa kaa Maltipoo na Cockapoo. Watu wanawapenda juu wanaambiwa hawamwagi nywele kwa nyumba, na ni ukweli hawamwagi sana, lakini nywele zao zinakufa tu kaa za mbwa wengine, tofauti ni kwamba ile iliyokufa haianguki chini, inanaswa na zile zilizojikunja na inabaki hapo ndani inajisokota na zingine. Ongeza vumbi la Januari hapa Nakuru, matope ya mvua ya Aprili, na zile mbegu za kishona nguo ziko kwa kila ploti haijajengwa, na kwa wiki chache tu una shida. Kaa mbwa wako ako kati ya miezi 6 na mwaka mmoja na nusu jua pia anabadilisha nywele za utoto, hapo mafundo hutokea haraka sana hata kaa ulikuwa unamchana vizuri, si ati umefanya vibaya, ni umri.

Sasa mkague na vidole, si na macho. Macho yatakudanganya juu kwa nje amekaa poa. Ingiza vidole mpaka ngozini nyuma ya masikio, chini ya kola, kwa kwapa, katikati ya mapaja, chini ya mkia na katikati ya vidole vya miguu. Hapo ndipo kuna msuguano na hapo ndipo brashi haifiki. Unaweza kupata mgongo laini kabisa na kwapa imekuwa mkeka.

Hapo ndio unaamua. Chukua chanuo ya chuma ujaribu kuipitisha kati ya ngozi na fundo. Ikiingia na fundo liko mbali kidogo na ngozi, ni dogo kaa ncha ya kidole au mawili matatu hivi, hilo linafunguka. Lakini kaa nywele zimeshikana zimekuwa kipande kimoja kimelala kwa ngozi, chanuo haioni pa kuingilia, usianze vita ya kuvuta. Nyoa. Najua mtu ataumia roho juu alitaka ile sura ya mdoli, lakini ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yako, na kumvuta masaa matatu ndio abaki na nywele ndefu ni kumtesa, na atakumbuka, siku ingine akiona brashi ataingia chini ya kiti. Nywele zitaota.

Kwa yale yanayofunguka unahitaji brashi ile ya waya nyembamba zilizopinda ncha (agroveti kubwa na maduka ya wanyama huwa nazo), chanuo ya chuma yenye meno mapana upande mmoja na ya karibu upande mwingine, na dawa ya kupulizia ya kulainisha nywele ya mbwa. Kaa hiyo dawa huna, konstachi ile ya kuongezea mchuzi uzito husaidia, unanyunyiza kidogo kwa fundo kavu unasugua na vidole nywele zinateleza. Usichanganye na unga wa ugali. Mafuta ya kupikia usiweke, yanashika vumbi.

Shika fundo hapo chini karibu na ngozi na vidole vya mkono mmoja, ndio ule mvuto uishie kwa vidole vyako usifike kwa ngozi yake. Alafu anza kwa ncha ya nje, si kwa shina. Pasua fundo na vidole kwanza mara mbili mara nne vipande vidogo, ndio brashi ifuate, mikwaruzo mifupi mepesi ukishuka polepole kuelekea ndani. Ukimaliza fundo unapitisha chanuo kutoka ngozini mpaka nje, ikikwama hata kidogo bado. Na kwa mwili mzima usipige brashi juu juu, gawanya nywele na mkono wako mpaka uone mstari wa ngozi, chana ule mstari, shuka sentimita moja, gawanya tena. Inachosha, sitakudanganya, lakini ndio kuchana kwenyewe, ile ingine ni kupapasa.

Usimalize yote siku moja. Dakika 15 au 20, kipande cha maini ya kuchemsha au omena kavu, mwache aende acheze, rudi jioni. Akianza kuhema sana, kulamba midomo, kugeuza kichwa kuelekea mkono wako, hiyo ni lugha yake ya kusema amechoka, mpumzishe kabla afike kiwango cha kuuma.

Makasi ndio nataka tuongee vizuri. Usivute fundo juu alafu ukate chini yake na makasi. Ukivuta, ngozi inapanda ndani ya fundo na huioni, unakata unadhani ni nywele kumbe ni ngozi, na kidonda chake hufunguka kikubwa hadi kushonwa. Kunyoa tumia mashine ya wanyama na wembe wake nambari 10 (yale meno ya kukata ya mashine, si wembe wa kawaida), huo unaacha kaa milimita 1.5 na ndio salama zaidi kwa kupita chini ya fundo. Usiweke kifuniko cha plastiki kile cha kuacha nywele ndefu, hakiwezi kuingia. Mashine ya kinyozi wa kawaida huzidiwa na hizi nywele, inakwama inavuta. Nyoosha ngozi na mkono wa pili, laza wembe sambamba na ngozi, nenda polepole, wacha fundo lijivue lenyewe kaa blanketi. Kila baada ya dakika chache gusa wembe na upande wa ndani wa mkono wako, ukiwa moto zima usubiri upoe, juu kuungua kwa wembe hutokea sana na mbwa haezi kukwambia. Kuwa mwangalifu kabisa kwa mkunjo wa paja, kwapa, chuchu, na kingo za masikio.

Chini ya mafundo unaweza pata wekundu, kupe, viroboto, mbegu imeingia ngozini. Kupe mtoe na kibano karibu na ngozi, vuta moja kwa moja. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimmwagie, hasa ngozi ikiwa imetoka kunyolewa. Ukiona unyevu unaonuka, usaha, funza, au mbwa analia ukigusa tu, hapo wacha kila kitu umpeleke kwa daktari wa mifugo, na hata kaa amefunikwa mwili mzima ni heri anyolewe huko akiwa amelazwa usingizi na dawa. Usimpe Brufen wala Panadol ati utulize uchungu, zinaweza kumuua, na dawa ya usingizi ya binadamu pia hapana.

Masikio yaliyokuwa na mafundo mazito yakinyolewa, damu hurudi kwa nguvu na mbwa anaweza kutikisa kichwa sana mpaka sikio livimbe lijae damu. Mwangalie siku mbili tatu za kwanza, ukiona limevimba kaa puto ni daktari.

Mafundo yakiisha ndio sasa umuogeshe. Maji vuguvugu, shampuu ya mbwa, juu ile ya binadamu ina asidi zaidi na inamkausha, alafu povu unalikamua kushuka chini na nywele, usisugue ukizungusha mkono maana unatengeneza mafundo mapya. Suuza mpaka maji yawe safi kabisa. Taulo unabonyeza, husugui. Na usimwache akauke mwenyewe kwa jua, mkaushe na draya ya moto mdogo ukichana hapo hapo, ndio nywele zinyooke na ushike vifundo vidogo uliacha. Huku kwetu Juni na Julai asubuhi kuna baridi, fanya saa sita au saa saba mchana, na kaa umemnyoa kipara mtafutie sweta ya usiku, lakini asubuhi uitoe uchane mahali ilikuwa, juu sweta yenyewe ndio hurudisha mafundo kwa kwapa. Mchana asikae juani muda mrefu, ngozi yake haijazoea.

Baada ya hapo ni kuchana kila siku au siku moja ndio moja sio, na kupunguzwa nywele kila wiki 4 mpaka 8. Kaa unajua huna huo muda wa kuchana, mwache nywele fupi za sentimita moja au mbili mwaka mzima, anapendeza tu na hana shida. Kola itoe akiwa ndani ya nyumba, na akitoka kutembea kwa nyasi mpitie miguu na masikio hapo mlangoni, zile kishona nguo zitoe siku hiyo hiyo kabla nywele zizizingire.