Kabla Hujagusa Fomula: Mambo ya Kuzingatia Unapoanza Mada ya Kani na Mwendo

Swali la kani likishasomwa, mkono wa mwanafunzi hukimbilia fomula. Hapo ndipo maksi huanza kupotea. Yapo mambo ya kuweka sawa kwanza, na mengi kati yake hayahitaji hesabu hata moja.

Anza na neno lenyewe. Kiswahili cha kila siku kina neno "nguvu" linalobeba mizigo mingi mno: mtu ana nguvu, betri imeisha nguvu, injini ina nguvu. Darasani hivyo ni vitu tofauti. Kani ni kusukuma au kuvuta, nayo hupimwa kwa nyutoni. Nishati ni jambo jingine, na kipimo chake ni jouli. Vivyo hivyo tunasema "uzito wa kilo 50", ilhali kilo hupima tungamo, yaani kiasi cha maada. Uzito ni kani ya Dunia, au ya Mwezi ukiwa huko, kukivuta kitu. Mtu wa kilo 50 ana uzito wa nyutoni 490 hivi hapa duniani; mwezini atakuwa na nyutoni kama 80, na tungamo lake ni lile lile.

Baada ya hapo, jambo ninaloliona kubwa kuliko mengine yote: chagua kitu kimoja, ukichore peke yake, hata kama ni kisanduku tu, kisha uliza nani anakisukuma na nani anakivuta. Kila jibu ni mshale mmoja, na kila mshale lazima uwe na mwenyewe. Kitabu kilichotulia mezani kina mishale miwili: Dunia inakivuta chini, meza inakisukuma juu. Ukitaka kuongeza wa tatu, mtaje anayeutoa. Ukikosa wa kumtaja, ufute.

Jaribu hilo kwa mpira uliorushwa juu, umeshatoka mkononi na bado unapanda. Wengi huchora mshale wa kwenda juu na kuuita nguvu ya mkono. Lakini mkono umeshauachia, hauugusi tena! Tukiacha ukinzani wa hewa, kani iliyobaki ni uzito peke yake, nao unaelekea chini. Mpira unapanda kwa sababu ulikuwa na mwendo tayari, na kitu chenye mwendo hakihitaji kusukumwa ili kiendelee nao. Kinahitaji kani ili kuubadili. Akili ikigoma kulikubali hilo, usijione mjinga. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliamini kinyume chake, na watu walimfuata kwa karne nyingi, mpaka Galileo alipolichunguza upya, na Newton akalichapisha kama kanuni yake ya kwanza mwaka 1687. Na pale juu kabisa, mpira unaposimama kufumba na kufumbua, mchapuko wake, yaani jinsi mwendo wake unavyobadilika kila sekunde, si sifuri. Bado ni mita 9.8 kwa sekunde mraba, kuelekea chini. Ungekuwa sifuri, mpira ungebaki unaning'inia hewani.

Kanuni ya tatu ya Newton, kwamba kila kani ina mwitiko ulio sawa nayo na unaoelekea upande wa pili, nayo inataka uangalifu. Kani na mwitiko wake hazikai kwenye kitu kimoja. Meza ikikisukuma kitabu juu, mwenzake ni kitabu kuisukuma meza chini. Uzito wa kitabu mwenzake yuko mbali zaidi: ni kitabu kuivuta Dunia nzima juu, kwa kani iliyo sawa kabisa.

Usiingie pia na dhana kwamba kitu kizito huanguka haraka zaidi. Dondosha karatasi iliyotandazwa na nyingine iliyofinyangwa: uzito ni ule ule, ila hewa inaikawiza iliyotandazwa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott aliachia nyundo na unyoya mwezini, ambako hakuna hewa, vikafika chini pamoja.

Vipimo havina mengi. Kilomita kwa saa zigawanye kwa 3.6 upate mita kwa sekunde, hivyo 72 inakuwa 20. Amua upande upi ni chanya, uuandike pembeni ya mchoro, usiubadilishe katikati ya swali.

Sasa fomula: jumla ya kani ni tungamo mara mchapuko. Kisanduku cha kilo 10 kinasukumwa sakafuni kwa nyutoni 30, msuguano ni nyutoni 20. Wima, uzito na msukumo wa sakafu vinafutana. Mlalo, 30 toa 20 inabaki 10. Gawanya kwa tungamo la 10, mchapuko ni mita 1 kwa sekunde mraba. Ukipata 3, usihangaike na kikokotoo. Rudi kwenye mchoro: mshale wa msuguano haumo.