Lili za kukata: biashara iliyo kwenye mizizi

Mkulima wa waridi akikosea mwezi huu, mti uleule humpa nafasi nyingine mwezi ujao. Lili haitoi nafasi hiyo. Tunguu moja, yaani mbegu yake inayofanana na kitunguu, hutoa shina moja la kuuza, na bei yake imeshalipwa Uholanzi kabla halijagusa udongo wako. Kwa hiyo mkulima wa lili hulinda mizizi kuliko kitu kingine chochote, hasa katika wiki tatu za kwanza.

Kuagiza matunguu

Kwa anayeanza tunapendekeza lili za kundi la LA (chotara za longiflorum na Asiatiki). Zinavumilia makosa, na hukatwa wiki 9 hadi 12 baada ya kupandwa. Orientali, zile za maua makubwa yenye harufu, huleta bei nzuri zaidi lakini huchukua wiki 14 hadi 16 na hazipendi joto. Zote ni za nyanda za juu: Limuru, Kinangop, Njombe, milima ya Lushoto. Pwani usijaribu.

Tunguu huuzwa kwa mzingo wake kwa sentimita. LA za 12/14 (yaani sentimita 12 hadi 14) au 14/16 zinatosha. Orientali chukua 16/18. Kubwa zaidi huzaa matumba mengi, ila ndilo linaloungua majani ya juu kwa urahisi, jambo tutakalolirudia. Kibali cha kuingiza mimea kipatikane kabla mzigo haujaondoka huko: hutolewa na mamlaka za afya ya mimea, Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA.

Udongo na maji

Pima vyote viwili kabla ya kuagiza. Orientali zinataka pH (kipimo cha uchachu) ya 5.5 hadi 6.5, LA 6 hadi 7. Chumvi huikausha mizizi, kwa hiyo EC ya maji, yaani kipimo cha chumvi yake, isizidi 0.5 mS/cm. Usiweke samadi mbichi. Itumike iliyooza kabisa, tena ichanganywe mapema.

Kuna jambo moja ambalo wakulima wa Bonde la Ufa, Arusha na Meru wasilipuuze: floraidi. Visima vingi vya huko vina floraidi nyingi, na lili huionyesha kwa ncha za majani kukauka. Mbolea za superfosfati nazo huja na floraidi, hivyo tafuta fosforasi kwa njia nyingine. Maji ya mvua yaliyovunwa ndiyo salama zaidi.

Tengeneza matuta ya upana wa mita 1, yaliyoinuka sentimita 20 hadi 30, na njia ya nusu mita katikati. Tandaza juu yake neti ya kushikilia mashina, yenye matundu ya sentimita 12.5 hadi 15. Neti hiyo ndiyo itakayokupimia nafasi, na baadaye utaipandisha kadiri mimea inavyorefuka.

Siku ya kupanda

Matunguu hufika yameganda ndani ya mboji. Weka kreti kivulini penye nyuzi 10 hadi 15, fungua nailoni, yaache yayeyuke polepole. Yaliyoyeyuka hayagandishwi tena. Yapandwe mara moja.

Udongo uwe umeloweshwa siku kadhaa kabla, ili uwe na unyevu na ubaridi. Panda asubuhi na mapema au jioni. Toa matunguu machache machache kwenye kreti, kwa sababu mizizi ikipigwa na upepo hata kwa muda mfupi hunyauka. Chipukizi litazame juu, na udongo ulio juu ya tunguu uwe sentimita 8 hadi 10. LA za 12/14 panda 55 hadi 65 kwa mita ya mraba. Orientali za 16/18 panda 40 hadi 50. Tuta la mita 30 litachukua Orientali 1,200 hadi 1,500. Mwagilia, kisha funika kwa majani makavu na neti ya kivuli. Udongo ukibaki karibu na nyuzi 12 hadi 13, umepata bahati kubwa.

Kina hicho kina sababu yake. Mizizi ya chini, iliyokuja na tunguu, hulisha mmea kwa wiki tatu hivi tu. Wakati huohuo shina linapopenya udongoni hutoa mizizi mingine, juu ya tunguu, na hiyo ndiyo italeta karibu maji na chakula chote hadi siku ya kukata. Ukipanda juujuu, au udongo wa juu ukakauka, haipati mahali pa kukua.

Wiki ya tatu ng'oa mche mmoja uangalie. Kati ya tunguu na uso wa udongo unatakiwa kuona mizizi myeupe, iliyosambaa kama ndevu. Ukikuta ya kahawia, na ukiivuta kwa vidole ganda linachomoka likaacha uzi mwembamba katikati, huo ni ugonjwa wa pithiamu. Maji yamezidi au hayapenyi. Punguza maji na utumie dawa ya ukungu wa mizizi mara moja.

Kabla ya wiki hiyo usitie mbolea. Baada yake, weka kalsiamu naitreti kilo 1 kwa mita 100 za mraba, kisha suuza majani kwa maji. Siku za jua kali tuta hunywa hadi lita 8 au 9 kwa kila mita ya mraba. Finya udongo mkononi: maji yawe karibu kutoka, lakini yasichuruzike.

Yanayoharibika

Majani ya juu kujikunja kwa ndani, kisha kupata madoa meupe yanayogeuka kahawia, muda mfupi kabla matumba hayajaonekana: si ukungu, ni kalsiamu isiyofika juu kwa sababu mizizi imezidiwa na jua. Ongeza kivuli, nyunyiza maji kidogo mchana. Matumba machanga yakipauka na kudondoka, kivuli kimezidi. Madoa ya mviringo ya kahawia kwenye majani baada ya mvua au umande ni ukungu uitwao botritis; fungua kivuli pembeni hewa ipite, mwagilia asubuhi tu. Vidukari wauawe mapema, maana hueneza virusi.

Kukata

Shina la matumba matano hadi kumi likatwe mawili yakishapata rangi. Ukikata yakiwa kijani yote, mengine hayatafunguka kamwe. Ukichelewa, chavua itachafua petali safarini. Kata asubuhi, ondoa majani ya sentimita 10 za chini, funga kumikumi, na ndani ya nusu saa yawe kwenye maji safi, kisha chumba cha baridi cha nyuzi 2 hadi 3. Mwambie mnunuzi mwenye paka kwamba lili ni sumu kwao, hata chavua yake.