Somo: Shanga za lavenda isiyopitisha mwanga, zing'ae bila kuota ukungu

Lavenda ni rangi inayokatisha tamaa wengi. Fimbo ya kioo ikiwa mkononi inapendeza, lakini ushanga uliotengenezwa kwa kuiyeyusha ukitoka kwenye moto unakuwa na utando mweupe kama umepakwa chaki. Utando huo hauondoki kwa kufuta. Ni fuwele ndogo zilizoota kwenye ngozi ya kioo, nasi hapa tutauita ukungu. Unaota pale kioo kinapokaa muda mrefu kwenye joto la kati, yaani kimeshalainika lakini hakijawa moto wa kutosha kutiririka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya somo hili ni jinsi ya kutolikalia joto hilo.

Vifaa: fimbo za kioo laini chenye kipimo cha kutanuka 104 (yaani kadiri kioo kinavyotanuka kikipata joto), unene wa milimita 5 hadi 6. Usichanganye na borosiliketi, kioo kigumu chenye kipimo cha 33, ushanga utapasuka hata ukipozwa vizuri kiasi gani. Andaa waya wa chuma kisichoshika kutu wa milimita 2.4, uliochovywa kwenye udongo wa kutenganishia (unaozuia kioo kisigande kwenye waya) na kukauka kabisa. Vaa miwani ya didimiamu, inayokata mng'ao wa njano wa moto, na feni ya kuvuta hewa nje iwe inafanya kazi kabla hujawasha kichomeo. Tanuri la kupozea shanga polepole liwe tayari kwenye nyuzi 515 za Selsiasi.

Hatua ya 1: Rekebisha moto. Koni za bluu kwenye mdomo wa kichomeo ziwe fupi na zenye ncha kali. Ukiona umanjano kwenye ncha, oksijeni haitoshi, na lavenda itakulipa kijivu.

Hatua ya 2: Pasha ncha ya fimbo taratibu. Anzia mbali, kwenye mkia wa moto (ncha ya mbali isiyo kali), ukiipitisha na kuitoa huku ukiizungusha, kisha isogeze karibu kidogo kidogo. Ukiisikia inalia "tik", umekwenda haraka. Rangi hii huwa na tabia ya kurusha vipande.

Hatua ya 3: Pasha waya mpaka udongo uwe mwekundu hafifu, ndipo uzungushie kioo. Kwa ushanga wa duara wa milimita 12 utatumia takriban sentimita 3 hadi 4 za fimbo. Zungusha waya kuelekea mbele, mbali nawe, mwendo mmoja usiobadilika, ukiacha kioo kijilaze chenyewe. Ukikivuta, udongo utavunjika na ushanga utaanza kuteleza kwenye waya.

Hatua ya 4: Tengeneza umbo, na ulitengeneze haraka. Hapa ndipo ukungu unapozaliwa: unagusa kibao cha grafaiti, unaangalia, unarudisha motoni kidogo, unagusa tena. Kila mzunguko huo unakirudisha kioo kwenye joto la kati. Usihangaike na ukungu ukiuona sasa hivi, utaondoka kwenye hatua inayofuata. Maliza umbo kwanza.

Hatua ya 5, ambayo ndiyo kiini cha kazi: ingiza ushanga kwenye sehemu kali ya moto na uzungushe bila kusimama. Utaona ukungu ukirudi nyuma kutoka katikati kuelekea kwenye matundu, na nyuma yake ngozi inabaki imelowa mng'ao. Ukishafika mwisho wa kila upande, toa mara moja. Ukichelewa kioo kitachemka na kuacha vishimo vidogo ambavyo haviondoki. Usirudi tena kwenye mkia wa moto "kusawazisha joto", utauotesha upya. Endelea kuzungusha hewani mpaka wekundu ufifie, kisha ingiza tanurini.

Hatua ya 6: Acha kwenye nyuzi 515 kwa dakika 30 hadi 60, shusha nyuzi 60 kwa saa mpaka 370, kisha zima na usifungue mlango mpaka tanuri lipoe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Habari mwalimu. Nikiweka nukta za lavenda juu ya ushanga mweupe, ukungu hautoki. Nikiongeza moto nukta zinatapakaa. Nifanyeje?

Jibu: Funika kila nukta kwa nukta ya kioo angavu, yaani kisicho na rangi. Ya lavenda iwe ndogo kuliko unavyotaka, kwa sababu itatanuka ikibanwa na ile ya juu. Futa fimbo angavu kwa spiriti kwanza, uchafu huingiza viputo. Njia hiyo inafaa pia kwa ushanga mzima: tabaka angavu la milimita 1 linaizuia lavenda isikutane na moto, na ukungu hauna pa kuota.

Swali: Ushanga wangu una kijivu, si weupe. Nimerudia hatua ya 5, hakijatoka.

Jibu: Huo si ukungu, ni moto wenye upungufu wa oksijeni. Ongeza oksijeni au punguza gesi. Ushanga wenyewe ukiwa bado kwenye waya, jaribu kuuchoma kwa moto uliorekebishwa, lakini kijivu kilichozama hubaki.

Swali: Shanga zimeshapoa na kutolewa kwenye waya, ndipo nikaona ukungu kwenye baadhi. Nizitupe?

Jibu: Hapana, usitupe. Zipake zote krimu inayokula ngozi ya kioo, zitatoka na sura isiyong'aa iliyo sawa pande zote, na lavenda inapendeza sana hivyo. Vaa glavu na miwani, fanyia penye hewa. Kuzirudisha motoni zikiwa baridi ni kuzipasua.

Swali: Ndugu, mbona jioni chini ya taa rangi inageuka samawati?

Jibu: Baadhi ya vioo vya lavenda vina neodimiamu, kemikali inayokipa kioo rangi hiyo, na hubadilika chini ya taa za fluoresenti. Linganisha fimbo na shanga kwenye mwanga wa mchana, tena bila miwani ya didimiamu, kwa kuwa nayo inakata sehemu ya mwanga na kupotosha rangi hii hasa.