Kabla hujalipia nyumba ya mlimani, zunguka nyuma uone mabomba

Wengi mkienda kuangalia nyumba mnaishia kwenye vigae na dari. Mimi naanzia ukuta wa nyuma.

Kwanza, bomba la hewa, lile linalotoa harufu ya choo na majitaka. Mdomo wake uwe juu ya paa, mbali na madirisha. Likiishia chini ya ukingo wa paa, harufu inaingia darini. Ila Mwanza kuna jambo la pili: paa la jirani wa chini ndilo baraza lako. Nilipopanga Mabatini, bomba la jirani lilikuwa limepita bati lake vizuri tu, hana kosa, lakini mdomo ulitazamana na dirisha letu la jikoni. Upepo wa ziwani ukianza kupanda alasiri, tunafunga dirisha tunasonga ugali kwa jasho. Kwa hiyo simama kila dirishani, utazame chini pia.

Pili, mwinuko. Bomba la majitaka la inchi 4 lishuke kama sentimita 2.5 kila mita. Kwenye majabali mafundi hawachimbi, wanalipitisha juu ya mawe. Plastiki ikikaa juani miaka inapauka na kuwa kama ganda la yai. Teke moja la mtoto, kwisha. Lifunikwe kwa zege.

Tatu, mwambie mtu avute maji chooni, wewe usikilize sinki. Likitoa "glu glu", hewa haina pa kupitia, na maji yanayozuia harufu kwenye kona ya chini ya sinki yananyonywa.

Mwisho fungua chemba, yaani shimo la kukagulia bomba la majitaka, mwaga ndoo ndani, uone maji yanatokea wapi. Yakitokea mferejini, ujue yanaelekea Mto Mirongo, kisha ziwani.

MASWALI

Fundi, choo chetu ni cha shimo. Wavu juu ya bomba una kazi gani?
— Kubwa sana, dada. Nzi wa shimoni hufuata mwanga wa juu, wananasa hapo. Choo chenyewe kiwe na giza. Utando wa buibui ukiziba, mwaga maji kutoka juu.

Mkuu, masika chemba inafurika, kiangazi shwari. Karo limejaa?
— Angalia kwanza bomba la maji ya paa. Nina wasiwasi limeunganishwa kwenye laini ya choo.

Ni kweli, limeunganishwa! Nilikate?
— Likate, ulielekeze kwenye tanki. Na tundu uliloacha uzibe siku hiyohiyo, panya wa huko kwetu hawangoji.