Majira ya Joto Nchini Japani: Namna ya Kupata Marafiki Kupitia Sherehe za Mtaa

Mtu anayekwenda kuishi Japani kati ya Juni na Septemba, awe mwanafunzi au mfanyakazi wa mkataba mfupi, hukuta nchi iliyojaa sherehe, na bado anaweza kurudi kwao bila rafiki hata mmoja wa kumwandikia barua. Sherehe hizo, ziitwazo matsuri, huonekana kwa mgeni kuwa maonyesho ya kutazamwa na kupigwa picha, ilhali nyingi kati yake ni kazi ya watu wa mtaa waliojiandaa kwa majuma mengi. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ushauri wangu ni kwamba ukiwa Japani usisubiri kupewa jembe hilo, bali uliombe mwenyewe.

Anza na majirani katika juma la kwanza. Bisha hodi kwenye nyumba za karibu, jitambulishe, kisha utoe zawadi ndogo, kama vile taulo au kasha la biskuti, huku ukiinama kidogo na kusema yoroshiku onegaishimasu, maneno ambayo hapo yanakaribia kumwomba mtu akupokee vyema. Mitaa mingi ina chama cha wakazi kiitwacho chonaikai, kinachofanana kwa kiasi fulani na nyumba kumi za Tanzania: husimamia usafi, huzungusha matangazo ya mtaa mlango hadi mlango katika jalada liitwalo kairanban, na mara nyingi ndicho kinachoandaa sherehe ya mtaa. Jalada hilo likikufikia, usiliache kimyakimya mlangoni kwa jirani anayefuata. Mkabidhi mkononi, umwombe akueleze usichokielewa, na umuulize ni nani anayepokea wasaidizi wa sherehe.

Njia nyingine, ambayo wageni wengi huipita bila kuiona, ni mazoezi ya viungo yanayotangazwa redioni na shirika la NHK kila siku saa 12 na nusu asubuhi. Mazoezi haya yalianza mwaka 1928, huchukua takribani dakika 10 tu, na wakati wa likizo ya shule watoto huyafanya viwanjani wakiwa na kadi zinazogongwa muhuri kila wanapohudhuria. Wazee nao huwapo, nao ndio wenye muda wa kuzungumza na mgeni ambaye bado anajikongoja katika lugha. Nenda kila asubuhi, hata kama siku za kwanza utapata salamu tu.

Kilele cha majira haya ni Obon, ambayo sehemu nyingi huiadhimisha tarehe 13 hadi 16 Agosti, ingawa baadhi ya maeneo, yakiwemo ya Tokyo, huifanya Julai. Kwa mapokeo yao, roho za waliotangulia hurudi nyumbani siku hizo, hivyo familia husafisha makaburi na baadhi huwasha moto mdogo wa kuwapokea na baadaye kuwaaga. Msomaji aliyekulia kwenye matambiko au kuzuru makaburi ya wazee hataliona jambo hili kuwa geni, nami naamini hakuna mazungumzo yanayowakaribisha watu haraka kuliko kuulizana namna kila mmoja anavyowakumbuka wafu wake. Uliza kwa upole, na usijialike nyumbani kwa mtu siku hizo.

Jioni huchezwa bon odori, ngoma ya duara inayozunguka jukwaa la mbao liitwalo yagura. Hatua zake ni chache na hurudiwa, na kwa kawaida mgeni huruhusiwa kuingia. Simama nyuma ya mama mtu mzima anayezijua vyema, ufuate mikono yake, na ukikosea uendelee tu. Ukivaa yukata, vazi jepesi la pamba, hakikisha upande wa kushoto wa vazi unalala juu ya ule wa kulia, kwa sababu kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti.

Sherehe kubwa nazo zina nafasi kwa mgeni. Katika Nebuta ya Aomori, tarehe 2 hadi 7 Agosti, aliyevaa vazi la wachezaji waitwao haneto, ambalo hukodishwa mjini, anaweza kujiunga na msafara. Katika Awa Odori ya Tokushima, tarehe 12 hadi 15 Agosti, kuna vikundi vya ngoma vinavyowapokea wasio na mazoezi. Hata hivyo, ningependa uende huko pamoja na watu wa mtaa wako, maana umati mkubwa humfurahisha mgeni bila kumjua jina.

Sherehe ya mtaa ikiisha, baki ukunje mahema na kuokota taka. Mara nyingi hufuata uchiage, karamu ya kupongezana, ambapo utasubiri neno kanpai kabla ya kunywa, utawamiminia wenzako kabla ya kujimiminia, na unaweza kushika chai baridi usipotumia pombe. Hapo ndipo pa kubadilishana mawasiliano ya LINE, programu ya simu ya kutumiana ujumbe. Mtu akisema mtaonana siku moja, pendekeza tarehe na mahali palepale.

Kabla ya kuondoka, mwombe kila mmoja akuandikie anwani yake kwa mwandiko wa Kijapani, kwa kuwa Wajapani hutumiana kadi za Mwaka Mpya, nengajo, zinazotarajiwa kufika tarehe 1 Januari. Kadi inayotoka mbali itahitaji kupelekwa posta mapema, na aliyefiwa mwaka huo hatumiwi.