Namna ya Kubuni Njia ya Kerneli Kuonyesha na Kupanga Modi za Skrini

Anayebuni njia ambayo kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta kinachosimamia vifaa, itazipa programu uwezo wa kusoma na kubadili modi za skrini (ukubwa wa picha na kasi yake) anaweka ahadi ngumu kuvunja, kwa kuwa programu iliyoandikwa leo itatarajia majibu yaleyale baada ya miaka kumi. Mfano mkuu hapa ni Linux, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na mazingira ninayoyafikiria ni ya kwetu Uganda: kompyuta ya mtumba, projekta iliyofungwa juu darini na waya mrefu wa VGA, ule wa picha wa aina ya zamani, kati yao, kama ilivyo katika kibanda cha kutazamia mpira kule Kisenyi, Kampala, au ukumbi wa shule mjini Mbale.

Kwanza amua nani atagusa rejista za kadi ya michoro, yaani vihifadhi vidogo vinavyoiamuru kadi. Zamani kazi hiyo ilifanywa na seva ya X, programu inayochora madirisha kwenye skrini, ambayo ililazimika kuendeshwa kwa mamlaka ya juu kabisa, na kerneli ilipoanguka wakati X imeshika skrini, haikuwa na pa kuandika kosa lake. Linux 2.6.29, iliyotoka Machi 2009, iliihamishia kazi hiyo ndani ya kerneli, ikianza na kadi za Intel. Mgawanyo unaofaa ni kwamba kerneli iguse vifaa na kulinda usahihi, ilhali uamuzi wa skrini ipi iwe kubwa, ipi izimwe na ipi ikae kushoto uachiwe programu.

Kisha vieleze vifaa kama vilivyo, usidhani kwamba kadi moja ni skrini moja. Linux ina bafa ya fremu inayobeba picha, tabaka linaloichukua picha hiyo, CRTC inayotengeneza mdundo wa pikseli (nukta za picha), kisimbaji kinachoigeuza picha kuwa ishara ya waya, na kiunganishi ambako waya huchomekwa. Kila kimoja kina namba yake na sifa zake. Onyesha tu kile ambacho programu itakihitaji kweli. Visimbaji vilionyeshwa kwa programu mapema, na nyaraka za Linux zenyewe zinasikitika kwamba sasa haviwezi kuondolewa, ingawa ni jambo la ndani ya kiendeshi, yaani sehemu ya kerneli inayoiendesha kadi.

Modi yenyewe isielezwe kwa upana na kimo pekee. Modi ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina saa ya pikseli ya kHz 148,500, jumla ya pikseli 2,200 kwa mstari na mistari 1,125 kwa fremu, ukihesabu nafasi tupu zisizoonekana. Gawanya saa hiyo, yaani pikseli 148,500,000 kwa sekunde, kwa zao la namba hizo mbili upate fremu 60 kamili kwa sekunde. Shusha saa hadi kHz 148,352 na kasi inakuwa takriban 59.94. Kiolesura, yaani njia ya mawasiliano kati ya kerneli na programu, kinachotaja kasi kwa namba nzima tu kitaziita zote mbili 60, na programu ya kuchezesha video haitajua kwa nini picha inaruka kidogo kila baada ya muda. Toa vipimo vyote, programu ijihesabie kasi.

Vipimo hivyo kwa kawaida hutoka kwenye EDID, maelezo ambayo skrini hujitambulisha nayo. Sehemu yake ya msingi ina baiti 128, na jumla yake lazima igawanyike kwa 256 bila baki. Katika VGA maelezo hayo hupita kwenye pini za 12 na 15, na nyaya nyingi za bei nafuu hazina kabisa nyuzi za pini hizo. Picha inapita vizuri, lakini kompyuta haijui inazungumza na nani, hivyo Linux hutoa modi za kawaida zisizozidi 1024 kwa 768. Kwa sababu hiyo ruhusu programu ilete vipimo vyake yenyewe, kerneli ikikagua tu kama kadi inaviweza. Hali ya kiunganishi nayo iwe na majibu matatu: kimeunganishwa, hakijaunganishwa, na haijulikani. Ukilifanya jibu la tatu kuwa sawa na la pili, utamzimia skrini mtu ambaye waya wake umechomekwa barabara.

Umeme ukikatika, projekta hufa huku kompyuta ikiendelea kwa betri. Kerneli itoe taarifa kwamba kuna kilichobadilika, lakini isibomoe mpangilio uliopo kwa hiari yake. Programu iulize upya kisha iamue. Maswali hayo katika Linux huulizwa mara mbili, kwanza kupata idadi ya modi na kisha kuzichukua, na kwa kuwa orodha inaweza kukua katikati, programu hurudia hadi idadi zikubaliane.

Sehemu inayostahili muda wako mwingi ni namna ya kubadilisha. Wito wa zamani, yaani ombi la programu kwa kerneli, ulibadili CRTC moja kwa wakati mmoja: skrini ya kwanza ilikubaliwa, ya pili ikakataliwa kwa kuwa kumbukumbu haikuweza kupitisha data ya kutosha kwa wakati, na mtumiaji akabaki na mpangilio nusunusu. Njia iliyofunguliwa kwa programu zote katika Linux 4.2, mwaka 2015, hupokea mabadiliko yote pamoja, kila moja likitaja kitu, sifa na thamani, yakakubaliwa yote au yakataliwe yote. Ina alama ya kujaribu tu, ambayo kerneli hukagua bila kugusa kifaa, na nyingine inayoruhusu skrini kuzimika kwa muda. Bila alama hiyo ya pili, badiliko lolote la kuzimisha picha katikati ya mechi hukataliwa. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba kukataliwa huja kama kosa la jumla lisiloeleza sababu. Ukianza upya, rudisha angalau namba ya kitu kilichokwamisha.

Kuhusu kukua baadaye: tumia namba za ukubwa usiobadilika, vielekezi (anwani za kumbukumbu) viwe biti 64 hata kwenye mashine ya biti 32, na kataa alama yoyote usiyoijua pamoja na nafasi iliyotengwa kwa matumizi ya baadaye ikiwa si sifuri, la sivyo hutaweza kuitumia kamwe. Vitu vipya vifichwe hadi programu itamke kwamba inavielewa. Haki ya kubadili ishikwe na programu moja kwa wakati mmoja, huku kusoma kukiachwa wazi zaidi.

Kabla ya kufunga muundo, andika programu halisi inayoutumia na uijaribu kwenye vkms, kiendeshi cha skrini ya kubuni kilichoingia katika Linux 4.19. Watunzaji wa sehemu hii ya Linux hawapokei kiolesura kipya mpaka kuwe na programu ya msimbo huria inayokitumia, nayo iwe imekaguliwa na wenye mradi wake.